Punda wa kazi zote: bei yake hupimwa mlimani

Mnunuzi mzoefu wa punda haanzi na bei. Humfungua mnyama mdomo amwangalie meno, kwani hapo ndipo umri ulipoandikwa. Kisha huinua kwato moja moja, hupapasa mgongo akitafuta vidonda vya mizigo ya zamani, na mwisho humtembeza kando ya barabara pikipiki zikipita. Mnyama akishtuka kwa honi, bei inashuka papo hapo.

Katika milima ya Kenyenya, kaunti ya Kisii, punda ndiye anayeshika nafasi ambayo kwingineko ni ya farasi. Farasi Afrika Mashariki ni mnyama wa gharama: kuna ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi ambao humuua upesi, ilhali punda huustahimili. Punda hula majani ya kando ya njia, hupita vijia ambavyo gari haliingii, na leo akibeba maji, kesho atabeba ndizi, matofali au mahindi ya kusaga. Mashamba ya eneo hili la Gusii ni madogo na yana miteremko. Anayemfuga hapa humtaka kwa kazi zote, maana hana nafasi ya kufuga mnyama wa kazi moja.

Ng'ambo ya mpaka wa kaunti, Trans Mara, Wamaasai wamefuga punda tangu zamani, kwa hiyo mnunuzi wa Gusii hana haja ya kutazama mbali. Mnyama akivuka kaunti, anahitaji kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa ofisi ya mifugo. Anayenunua bila karatasi huenda akawa amenunua kesi ya wizi.

Lakini kwa miaka kadhaa bei ya punda haikuamuliwa na kazi. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini, vikiwemo vya Naivasha na Mogotio, kulisha soko la China la ejiao, dawa inayotengenezwa kwa ngozi yake. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya 2016 na 2018. Bei ilipanda, na wizi ukapanda nayo. Kuna waliolala na punda wakaamka na kamba. Serikali ilitangaza marufuku ya uchinjaji Februari 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha Mei 2021. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara ya ngozi barani kote.

Hesabu ya ngozi ina kasoro. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hafai mzigo mpaka afike miaka mitatu au minne. Aliyeuza kwa mchinjaji alilipwa siku moja, lakini pengo lake halizibiki kabla ya miaka minne. Ndiyo sababu jike huwa na thamani ya ziada kwa mfugaji: hufanya kazi na kuzaa mrithi wake.

Mshindani wa leo ni bodaboda. Hufika sokoni haraka, lakini hunywa petroli kila siku, na mvua ikinyesha udongo mwekundu huikwamisha. Punda hushinda pale mzigo ulipo mzito, safari ni fupi na njia ni mbaya.

Ushindi huo huharibiwa na wenye punda wenyewe. Ushauri wa kawaida ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi thuluthi ya uzito wa mnyama. Punda wa kilo 150 basi abebe kilo 50, yaani mitungi miwili ya lita 20 na nafasi kidogo ibaki. Wengi humtwika minne, wakisema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Mzigo unafika kweli. Siku ya kuuza, mnunuzi hupapasa mgongo, akagusa kovu, akakata bei.