Maambukizi ya Pili ya Fangasi katika Mapafu ya Wagonjwa Mahututi wa Nimonia ya Virusi: Mazingatio kwa Mbeya na Iringa

Makala haya yanaeleza jinsi fangasi wanavyoyashambulia mapafu yaliyokwisha kujeruhiwa na virusi, na kwa nini suala hili linastahili uzito katika mikoa ya Mbeya na Iringa.

Vijimbegu vya Aspergillus fumigatus vina upana wa mikromita 2 hadi 3 tu. Kila mtu huvivuta kila siku, hasa penye mabua yanayooza na vumbi la nafaka, mazingira aliyoyazoea mkulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini. Kwa mwenye afya, vijimbegu hivyo hufagiliwa na utando wa njia ya hewa au humezwa na seli za kinga. Virusi vya mafua makali na vya UVIKO-19 huuharibu utando huo na kuzidhoofisha seli hizo. Hapo kijimbegu huchipua, na nyuzi zake hupenya tishu na mishipa ya damu.

Tiba nayo ina pande mbili. Mwaka 2020, jaribio la RECOVERY nchini Uingereza lilionesha kuwa deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Haikuwasaidia wasiohitaji oksijeni. Hata hivyo, dawa hiyo hufifisha kinga ya mwili. Nchini India mwaka 2021, matumizi yake yaliyokithiri, pamoja na kisukari, yalihusishwa na mlipuko wa mukomaikosisi.

Katika mikoa hii miwili hatari huongezwa na maradhi yaliyotangulia. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, ilhali wastani wa taifa ni 4.4. Aidha, matundu yanayoachwa na kifua kikuu ni makazi mazuri ya fangasi.

Picha ya eksirei peke yake haiwezi kuthibitisha ugonjwa huu. Fangasi kuonekana katika makohozi nako hakutoshi, kwani huenda wamekaa tu bila kudhuru. Majimaji yaliyooshwa kutoka ndani ya mapafu hutoa ushahidi bora zaidi. Kwa hiyo, mgonjwa anapozidiwa tena baada ya kupata nafuu, ilhali antibayotiki zimebadilishwa bila mafanikio, fangasi wachunguzwe mapema. Antibayotiki haiwaui, vorikonazoli huweza kuokoa maisha ikianza kwa wakati.