Wageni Wataondoka, Kisima Kitabaki



Mkoani Iringa watu wengi wamezoea kupokea wageni wa kanisa kutoka Marekani. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina ushirikiano na makanisa ya Kilutheri ya eneo la Saint Paul, Minnesota. Ushirikiano huo unaitwa Bega kwa Bega.

Jina hilo lina fundisho. Watu wawili wakibeba gogo bega kwa bega, hakuna anayembeba mwenzake. Kila mmoja anabeba gogo.

Wageni wengi wa kanisa wanaokuja vijijini kusaidia kazi hukaa muda mfupi, pengine wiki mbili. Wiki mbili zinatosha kufunga pampu ya kisima. Hazitoshi kuitunza. Mipira ya ndani ya pampu huchakaa. Ikichakaa, maji hayapandi. Siku hiyo mgeni yuko kwao.

Kwa hiyo, kabla wageni hawajafika, fanyeni mkutano wa kijiji. Ulizaneni:

1. Je, shida yetu ya kwanza ni maji, au ni kitu kingine?
2. Fundi wetu ni nani? Ajifunze wageni wakiwapo.
3. Vipuri vinauzwa wapi, na kwa bei gani?
4. Nani atatunza fedha za matengenezo?

Washirikisheni pia RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpeni jembe. Lakini nanyi shikeni lenu.