Ordinatere ya okazio imefungwa: usiitupe mbio

Mushahara ukiingia, baba anatoka mugodini, anapita sokoni, ananunua ordinatere ya okazio juu ya mutoto mwenye anasoma iniversite. Ku nyumba wanaiwasha: inaomba neno la siri. Muuzaji anasema amesahau. Sisi watu wa Kolwezi na Likasi, tunaijua hiyo hasira. Dola zimekufa? Bado.

Tuangalie kwanza: inaomba wakati gani? Kama Windows imekwisha kuonekana, ile ni kufuli ya programu. Fundi ataweka Windows mupya, ao Linux Mint ya bure, na kle ya USB ya jiga 8. Vitu vya mwenye wa zamani vitafutika vyote, lakini mashine itaamuka. Kama inaomba mbele Windows haijaonekana, ile ni kufuli ya mashine yenyewe. Kuweka programu mupya hakutaifungua.

Njo maana tunasema, ndugu musomaji: mbele ya kulipa, muuzaji aiwashe, aifungue, aondoe neno lake. Akikataa, rudisha dola mufukoni. Pengine ile mashine iko na mwenyewe, na anaitafuta.