Uta Mzito wa Waingereza wa Kale, na Jinsi Ulivyochongwa

Wasomaji wetu walio walimu wanajua ya kuwa katika Kiswahili silaha hii ina majina mawili. La kale ni uta, na wingi wake mata. Jina hilo lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu, hata Wakamba na Wakikuyu husema vivyo hivyo. Jina la pili ni upinde, litokalo katika neno kupinda. Jina hili la pili ni zuri, lakini laweza kumpoteza mwanafunzi, akadhani ya kuwa uta ni fimbo iliyopindwa ikafungwa kamba. Sivyo. Fimbo iliyokwisha kupindika haina kazi. Nguvu ya uta imo katika kukataa kupinda, na katika kurudi upesi mahali pake mara mkono uachiapo. Kazi yote ya mchonga mata ni kuyalinda marejeo hayo. Ili jambo hili lionekane wazi, tutaueleza uta mrefu wa vita wa Waingereza wa kale, ambao ulikuwa mzito kupita kiasi.

Mata hayo ndiyo yaliyowashinda Wafaransa huko Crécy mwaka 1346, na tena Agincourt mwaka 1415. Lakini kwa muda mrefu watu walibishana juu ya uzito wake, maana mti huoza, na mata yaliyobaki yalikuwa machache sana. Jahazi la kivita la mfalme Henry wa Nane, liitwalo Mary Rose, lilizama karibu na Portsmouth tarehe 19 Julai 1545, likafunikwa na matope. Wapiga mbizi walilichimbua, na mwaka 1982 mbavu zake zikaopolewa. Ndani yake yalionekana mata zaidi ya 130 yaliyo mazima, pamoja na mishale elfu kadha wa kadha. Mengi yalikuwa marefu kupita futi 6, na mengine yalikaribia futi 7. Wenye maarifa waliyapima, wakachonga mengine kwa mfano wake, wakakadiria ya kuwa kuyavuta kulihitaji nguvu ya ratili 100 hadi 185. Mtu wa leo avutaye ratili 50 hujiona hodari.

Mti uliopendwa ni ule ambao Waingereza huuita yew, na wataalamu wa mimea Taxus baccata. Sisi tutauita myuu. Ndani yake mna miti miwili katika mmoja. Kiini chake ni chekundu na kigumu, nacho huvumilia kubanwa. Mti mweupe ulio nje ya kiini, chini ya gome, huvumilia kuvutwa. Sasa angalieni uta unapovutwa: upande uelekeao shabaha, ambao mafundi huuita mgongo, hunyoshwa; na upande umwelekeao mpigaji, yaani tumbo, hubanwa. Basi fundi huuacha mweupe uwe mgongo na mwekundu uwe tumbo, na kila mmoja hupewa kazi iliyo yake kwa tabia. Myuu ulio bora ni ule uliokua polepole milimani, wenye mistari ya miaka iliyosongamana. Uingereza haikuwa nao wa kutosha, hata mwaka 1472 ikatolewa sheria ya kuwataka wafanya biashara walete vipande 4 vya mti wa mata kwa kila tani ya shehena iingiayo bandarini.

Gogo halikatwi kwa msumeno, bali hupasuliwa kwa kabari, ili ufa ufuate nyuzi za mti wenyewe. Kisha ncha zake hupakwa mafuta mazito au nta zisikauke upesi zikapasuka, na kipande huwekwa kivulini penye hewa, mwaka mmoja au zaidi. Hapo mithali yetu, Samaki mkunje angali mbichi, haifai. Mti ukunjwao ungali mbichi hushika mkunjo huo, wala haurudi tena. Uta wa namna hiyo hupindika siku ya kwanza, na siku ya pili umelegea. Mchonga mata husubiri mpaka mti umekwisha kuwa mkavu, ndipo autie mkono.

Kazi ya kwanza ni kuutafuta mgongo. Gome huondolewa, na mti mweupe hupunguzwa taratibu kwa kisu chenye mipini miwili, mpaka ibaki tabaka nyembamba. Sharti fundi afuate mstari mmoja wa mwaka toka ncha hata ncha. Akiukata mstari huo mahali pamoja, nyuzi za mgongo zimekatika, na hapo ndipo uta utakapovunjikia. Penye fundo hakati moja kwa moja. Hulizunguka, akiuacha mti uvimbe kidogo, kwa sababu nyuzi nazo zimelizunguka. Hivyo uta mwema wa myuu mara nyingi haukunyoka kama rula. Asiyejua huona kasoro, na ajuaye huona utii wa fundi kwa mti.

Kisha kwa shoka, tezo na randa huchongwa umbo lake: mnene katikati, ukipungua sawasawa kuelekea ncha mbili, mgongo ukiwa bapa kidogo na tumbo likiwa la mviringo. Hapa yafaa kujua kanuni moja. Ukipunguza upana wa uta sehemu moja katika kumi, nguvu yake hupungua sehemu moja katika kumi. Lakini ukipunguza unene kwa kadiri hiyo hiyo, nguvu hupungua zaidi ya robo. Ndiyo sababu karibu na mwisho fundi huweka shoka kando, akashika tupa, na baada ya tupa kipande cha chuma cha kukwaruzia tu.

Sasa yaja kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kuufundisha uta kupinda. Hutiwa kamba ndefu iliyolegea, huwekwa juu ya mti wa kupimia wenye mikato, na kuvutwa chini kidogo. Fundi hurudi nyuma akautazama. Pasipopinda ni pagumu. Panapopinda kupita penzake ni padhaifu. Padhaifu hapaguswi kamwe. Hupakwaruza pagumu tu, kisha huuvuta uta na kuuachia mara nyingi, ili mti ukubali mabadiliko hayo, ndipo atazame tena. Kamwe hauvuti kupita nguvu anayoikusudia, wala hauachi umevutwa huku akifikiri. Akifanya haraka, sehemu moja hubeba mzigo wa uta mzima; nyuzi za tumbo hujikunja kwa ndani, na kosa hilo halina dawa, kwa maana mti uliokwisha kuondolewa haurudishwi. Miaka ya kungoja yaweza kupotea katika mkwaruzo mmoja.

Mpindo ukiwa sawa, ncha hutiwa kofia za pembe ya ng'ombe zenye mkato wa kushikia upote, maana kamba iliyokazwa kwa nguvu nyingi hivi hukata mti mtupu. Upote ulisokotwa kwa nyuzi za kitani na kupakwa nta. Mwisho uta husuguliwa kwa nta au mafuta kuzuia unyevu.

Mithali tuliyoikataa kwa mti yapata nafasi yake kwa mpigaji. Askofu Hugh Latimer, alipohubiri mbele ya mfalme mwaka 1549, alisimulia jinsi baba yake alivyomfundisha tangu utoto kuutia mwili wote katika uta, si mikono tu, na jinsi alivyonunuliwa mata makubwa zaidi kwa kadiri alivyokua. Kati ya mifupa iliyopatikana katika Mary Rose, wengine walikuwa na mfupa wa bega usioungana vema, na wachunguzi wengi hudhani ni alama ya kuvuta mata mazito tangu ujana. Basi mti hukaushwa kwanza, ndipo ukunjwe. Bali mtu hukunjwa angali mbichi.

Wala tusidhani ya kuwa uta mzito ni wa Ulaya peke yake. Waata, ambao majirani huwaita pia Waliangulu, wakaao bara ya Malindi na kando ya Tsavo, waliwinda ndovu kwa mata yaliyopita ratili 100 na mishale ya sumu. Hifadhi ya Tsavo iliundwa mwaka 1948, na katika miaka iliyofuata uwindaji wao ulikomeshwa. Ndovu wamenufaika, lakini mkono ulioacha kuvuta huacha pia kuchonga, na baada ya mkono ulimi nao husahau. Waingereza waliyapata tena maarifa yao kwa sababu matope ya bahari yaliwahifadhia mata mazima. Kwetu hakuna matope ya namna hiyo. Walimu walio karibu na wazee wa bara yafaa wawaulize, na kuandika, si uta na mshale tu, bali upote, wano lililo mti wa mshale, kigumba kilicho chuma chake, na podo la kuichukulia. Tena waulize majina ya miti, na kwa nini ulichaguliwa huu ukaachwa ule.