Sura ya Tatu: Anayegonga Mlango

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, maji ya Ghuba ya Bengal yalipanda nchi kavu yakafunika visiwa na mashamba ya pwani ya Bangladesh ya leo. Wanakadiriwa kufa watu 300,000 au zaidi. Kimbunga kilichoyasukuma maji hayo kilionekana mapema, na redio ikatangaza. Ila redio haimshiki mtu mkono, na mahali pa kukimbilia palikuwa haba. Wengi walibaki majumbani mwao.

Kutokana na msiba huo, mnamo 1972 na 1973, Msalaba Mwekundu na serikali ya taifa hilo changa walianzisha mpango wa kujiandaa na vimbunga unaotegemea wanakijiji wenyewe. Leo wanaojitolea wamepita 76,000, wala hawalipwi mshahara. Kila kikosi kinatoka mle mle kinamohudumu, na kazi hugawanywa: wapo wa kutoa onyo, wa kuwapokea watu kwenye majengo ya hifadhi, wa uokoaji na wa huduma ya kwanza.

Onyo hupanda kwa ngazi. Bendera moja inasema kaa macho. Ya pili ikiongezwa, hatari imekaribia. Zikifika tatu, ondoka. Asiyeziona atasikia king'ora cha mkono, na asiyetoka atagongewa mlango na mtu amjuaye. Ndiyo maana mazoezi hufanywa mbingu ikiwa nyeupe: kikosi kinapaswa kujua mapema nyumba ipi ina mjamzito na ipi ina kikongwe asiyeweza kutembea.

Hata hivyo, kujuana huko kulikuwa na pengo. Kimbunga cha Aprili 1991 kiliua watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Wapo waliomngoja mume atoe ruhusa, na wapo walioona haya kujazana na wanaume wageni katika jengo moja. Onyo lilifika uani likakosa mtu wa kuliingiza ndani. Leo nusu ya wanaojitolea ni wanawake.

Mwaka 2020, kabla ya kimbunga Amphan, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa Bangladesh, na waliokufa nchini humo hawakufika 100. Setilaiti, matuta na majengo imara vina sehemu yao katika ushindi huo. Lakini bibi kizee anayeacha ng'ombe wake na kutoka gizani kwenye mvua hatoki kwa sababu ya setilaiti. Hutoka kwa sababu anayemwita ni mtoto wa jirani.