Usukani Mpya au Dereva Aijuaye Motokaa Yake?

Wenye motokaa wengi hupenda vifaa vipya. Mtu akiona gari lake lachelewa kukata kona, au layumba likienda mbio, mara husema kuwa dawa yake ni kubadili usukani. Hukusanya fedha, pengine akauza mbuzi kadhaa, akaagiza usukani mwepesi wa kisasa. Kupenda chombo kizuri si kosa. Lakini swali lipasalo kuulizwa kwanza ni hili: je, mtu huyo aliijua tabia ya motokaa aliyokuwa nayo?

Njia ya Lodwar hadi Kakuma, ipatayo kilomita 120, yafaa kuwa mtihani wa jambo hili. Kwa miaka mingi lami yake ilikuwa imevunjika hata madereva wakaiacha na kupita kando mchangani. Baada ya mwaka 2015 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na fedha za Benki ya Dunia, ilianza kuijenga upya njia kuu itokayo Lokichar kupita Lodwar na Kakuma mpaka Nadapal. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila barabara njema huficha upungufu wa dereva mpaka saa ya hatari. Katika mashimo, gari lilikwenda polepole, na kosa la dereva liligharimu springi. Juu ya lami laini, gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Tena, gari hilo likifungwa breki huhitaji nafasi si mara mbili bali mara nne ya lile liendalo kilomita 40. Ngamia akitokea ghafula, hakuna wakati wa kujifunza.

Basi kuijua motokaa ni nini? Kwanza ni kujua mzigo unavyoibadili. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, Kakuma imekuwa mji mkubwa wa biashara, na magari hupeleka huko magunia mengi. Pikapu ikijazwa nyuma kupita kiasi, sehemu ya nyuma hushuka na ya mbele huinuka, na magurudumu ya mbele hugusa barabara kwa wepesi tu. Dereva hupinda usukani, gari likakawia kutii. Huyu hulaumu usukani, kumbe kosa ni la magunia! Akiyapunguza, akayasogeza mbele na kuyapanga chini, ugonjwa utapona bila gharama.

Pili ni kujua upepo na mchanga. Turkana ni nchi ya upepo mkali, nao husukuma ubavuni gari refu lililopakiwa juu ya paa. Katika laga zenye mchanga mwingi, madereva hupunguza upepo wa magurudumu ili gari lisizame. Hapo usukani huwa mzito, na akatayeupinda kwa ghafula huona magurudumu ya mbele yakilima kama jembe mpaka gari likasimama. Akirudi kwenye lami, sharti ajaze upepo tena, maana gurudumu laini likienda mbio hupata moto na kupasuka.

Usukani unaosaidiwa na nguvu ya mafuta ulianza kuuzwa katika magari ya watu mwaka 1951, na kampuni ya Chrysler ya Marekani. Faida yake ni kubwa, hasa kwa malori, kwa kuwa humpunguzia dereva kazi ya mikono. Lakini hauyaongezei magurudumu nguvu ya kushika barabara. Hiyo ni kazi ya mpira na ardhi. Injini ikizimika, msaada nao hukoma, na usukani huwa mzito mara moja. Tena wepesi wake humdanganya mwenye pupa akapinda kupita kiasi, na gari lenye mzigo juu likapinduka.

Haya yasiwe kisingizio cha kuacha vifaa vichakavu. Bandu bandu huisha gogo. Usukani uliolegea, maungio yaliyolika, mafuta yanayovuja, magurudumu yanayokwisha upande mmoja: hayo yapelekwe kwa fundi leo, wala si kesho. Kutengeneza kilichoharibika ni wajibu. Kuongeza kilicho kipya ni hiari.

Mwenye kutaka kuijua motokaa yake na atafute uwanja wazi usio na watu wala mifugo. Aende polepole, apinde, afunge breki, aone gari lafanya nini. Kisha arudie likiwa na mzigo. Kila akibadili magurudumu au namna ya kupakia, aanze tena, kwa maana gari lile limekuwa jingine. Hata akinunua usukani mpya, somo hili halikwepeki.

Dereva wa matatu akumbuke zaidi. Sheria ya Kenya humwekea mpaka wa kilomita 80 kwa saa, na abiria walioketi nyuma yake hawana usukani wa kushika. Wamemwachia yeye roho zao. Chombo hutii usukani, usukani hutii mkono, na mkono hutii akili. Atakaye kutengeneza usafiri wake na aanzie hapo penye akili.