Furu wa Ziwani, Furu la Mtini

Sogeeni, wajukuu. Mtoto wa Kirumba, hapa kando ya Ziwa Viktoria, ukimtajia furu, akili yake inakimbilia soko la Mwaloni, kwenye matenga ya samaki. Hajakosea. Lakini badala ya "furu huyu" mwambie "furu hili", uone atakavyoduwaa.

Furu hili ni tunda. Mti wake ni mfuru, na pwani wengine huuita mfudu. Hujiotea wenyewe porini na kandokando ya misitu, tangu Senegali hadi huku kwetu. Ukitaka kuutambua, shika jani lake: mara nyingi utahesabu vijani vitano, vimetawanyika kama vidole vya kiganja kilichokunjuliwa. Tunda ni kama zambarau, kwanza kijani lenye vidoa vyeupe, likiiva linakuwa jeusi tii na kudondoka lenyewe. Okoteni hayo ya chini. Nyama yake ni kidogo lakini tamu, na nyeusi kama wino; ukila kwa siri, ulimi utakuchongea kwa mama. Katikati kuna kokwa gumu kama kokoto. Meno yasijaribu!

Kokwa hilo ndilo mtoto wa mti. Mfuru hauna miguu ya kumpeleka mbali, basi umemfunika kwa utamu, ukangoja vinywa. Nyani anakula, tembo anameza, nanyi mnafyonza mkitembea, kisha mnatema njiani. Hapo mmeshapanda.

Na furu wetu wa ziwani? Naye hulea kwa kinywa. Mama huyaokota mayai yake, akayaatamia mdomoni. Hata vifaranga wakishaanza kuogelea, hatari ikitokea wanakimbilia humo humo. Wanasayansi wanakadiria kwamba Ziwa Viktoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Miaka ya 1950 na 1960 likatiwa sangara. Akawala, maji nayo yakazidi kuchafuka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa hazionekani tena nyavuni.

Mfuru hauogopi sangara. Unamwogopa mchoma mkaa, maana kuni zake zinawaka vizuri mno, na seremala naye anaupenda: mbao zake zinafanana na za msaji.

Likizo ijayo mkienda kijijini, mwulizeni bibi mfuru ulipo. Mkishakula, makokwa msije kuyatemea kwenye lami ya Kirumba.